Nataka kurekebisha masikio, ila yasionekane yamerekebishwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, kinyozi, nina kiti changu katika saluni moja ya kiume hapa Sinza. Jambo ninalokuandikia mwingine ataliona la kipuuzi, lakini mimi limenikaa moyoni tangu darasa la pili. Masikio yangu yamesimama, na si kidogo. Shule ya msingi niliitwa Dishi. Sekondari wakanipandisha cheo, nikawa Setilaiti.

Kazi yangu, Shangazi, ni ya vioo. Mbele kioo, nyuma kioo, ubavuni kioo. Kutwa nzima namnyoa mtu huku najiona mwenyewe. Na wateja ni watani. Mmoja alisema nikisimama mlangoni simu zinakamata mtandao vizuri. Nilicheka naye, hela yake nikapokea, lakini usiku usingizi haukuja. Mwanamke anaweza kufunga kilemba au kusuka nywele zikashuka pembeni. Mimi kichwa changu ndilo tangazo la biashara, lazima pembeni kiwe kimenyolewa hadi ngozi.

Tunacheza upatu hapa saluni na zamu yangu ya kupokea inakaribia. Nimeona mtandaoni kliniki moja inasema ni kazi ya saa moja tu, unachomwa ganzi, masikio yanalala kabisa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidogo nilipe. Kilichonizuia ni mteja mmoja aliyekwenda kufanyiwa nje ya nchi. Alikuja kunyoa, nikamgeuza kichwa, nikashtuka. Katikati sikio limelala limegusa kichwa, juu limechomoza, chini ndewe imetoka. Kwa mbele ule ukingo wa nje wa sikio huuoni kabisa. Hakuniambia kitu na sikumuuliza, lakini nilijua. Na kama mimi nimejua, kila mtu anajua. Sitaki kutoka kwenye jina la Dishi niingie kwenye jina la Plastiki.

Nifanye nini ili yakitengenezwa yaonekane ndiyo masikio niliyozaliwa nayo? Na je, nitarudi kazini baada ya muda gani? Naishi Kimara, naja kazini kwa bodaboda. Mama yuko Morogoro, nilipomdokezea alisema Mungu hakosei, tukaishia hapo. Mchumba wangu anasema yeye hajawahi kuona tatizo lolote.

Afya yangu ni nzuri, sina sukari wala presha, sijawahi kulazwa. Nina kovu tu begani la ile chanjo ya utotoni, limeumuka na likipata jasho linawasha, lakini hilo si kitu.

Ni mimi,
Kinyozi wa Sinza

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma hadi mwisho, na mwishoni ndiko nilikokwama. Kovu la begani umelitaja kwa kupita, ukalifukia kwa "hilo si kitu". Mimi nimefanya kazi ya uuguzi, sehemu kubwa katika chumba cha upasuaji, na nakuambia hilo ndilo la kwanza. Masikio yatasubiri.

Chanjo ya kifua kikuu, hiyo BCG tuliyochomwa karibu sote tukiwa wachanga, kwa kawaida huacha alama ndogo, bapa au iliyobonyea kidogo. Kovu likiumuka, likawa gumu na la kung'aa, likatambaa nje ya mpaka wa kidonda chenyewe, na likawa linawasha miaka na miaka baada ya kidonda kupona, huenda ni keloidi. Mwili wenye tabia hiyo ukikatwa hujenga kovu kupita kiasi, haujui pa kusimama. Sisi watu weusi tunazipata keloidi zaidi kuliko wengine, na hupenda kuanza kati ya balehe na miaka thelathini hivi, yaani umri wako hasa. Mahali zinapopenda kuota ni kifuani, mabegani, mgongoni kwa juu, kwenye taya, na kwenye masikio. Hilo la masikio wewe mwenyewe umelishuhudia, maana huwezi kukaa Sinza usiwaone akina dada waliotoga masikio wakaota uvimbe nyuma ya ndewe.

Sasa upasuaji unaoutaka kidonda chake hukaa nyuma ya sikio, kwenye mkunjo pale sikio linapokutana na kichwa. Kwa watu wengi, mwaka ukipita, hubaki mstari mwembamba ambao hata wewe na mashine yako ungeupita usiuone. Kwa mwenye keloidi, mstari huohuo unaweza kuota uvimbe unaolisukuma sikio nje upya. Na keloidi ikikatwa tu pasipo tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na inaweza kurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Hapo ndipo mtu anapoanza kuyatamani yale masikio ya Dishi.

Kwa hiyo kabla hujapokea zamu yako ya upatu, nenda kliniki ya ngozi ukavue shati. Daktari alitazame kovu, aliguse, akuambie kama ni kovu nene la kawaida au ni keloidi. Muulize pia kama kwenu kuna ndugu mwenye nazo ina maana gani kwako, kwa sababu tabia hii hutembea katika koo. Likiwa keloidi, si kwamba mlango umefungwa kabisa. Wapo madaktari wanaofanya kwa tahadhari: mshono usiovutwa, sindano za steroidi kwenye kovu likianza kuumuka, kulibana, na kumfuatilia mgonjwa kwa miezi mingi. Wapo pia watakaokuambia hapana. Mimi, kwa kovu linalowasha hadi leo, ningesimama upande wa hao wanaosema hapana, angalau mpaka la begani litibiwe na lionekane limetulia. Huu si ugonjwa wa kukimbiza gari la wagonjwa. Hakuna aliyekufa kwa masikio kusimama.

Na daktari yeyote atakayekushika masikio, akakupangia tarehe, asikuulize habari za makovu yako, huyo msalimie kwa adabu uondoke.

Haya. Tuseme mtu wa ngozi amekuruhusu. Tuje kwenye swali lako, ambalo ni zuri kuliko unavyodhani.

Yule mteja wako amekufundisha nusu ya somo. Alichonacho madaktari wanakifahamu na wana jina lake: sikio la simu, kwa umbo la mkono wa simu za mezani za zamani, umetoka juu, umetoka chini, katikati umebonyea. Hutokea pale bakuli la sikio, lile shimo pana la katikati, linapovutwa mno kuelekea kichwani huku sehemu ya juu na ndewe vikiachwa vilivyokuwa. Na ule ukingo usioonekana kwa mbele ni kosa la pili katika sikio lilelile. Mkunjo wa ndani ulikunjwa kupita kiasi mpaka ukajitokeza mbele, ukingo wa nje ukajificha nyuma yake. Sikio la kawaida, ukimtazama mtu uso kwa uso, ukingo wa nje ndio unaotangulia kuonekana, hata kama ni uzi tu.

Ili uelewe namna ya kuyakwepa hayo, elewa kwanza kwa nini yako yamesimama. Si kwa sababu mama alikubeba vibaya mgongoni, wala si mwalimu wa hesabu aliyekuwa akikuvuta. Ulizaliwa nayo. Kila sikio lina mkunjo wa ndani unaopanda sambamba na ukingo wa nje. Kwa watu wengine mkunjo huo haukujikunja vizuri tumboni, sehemu ya juu ya sikio ikabaki bapa na kufunguka nje. Kwa wengine mkunjo upo, ila bakuli ni kubwa na lenye kina, likalisukuma sikio lote mbali na kichwa. Wengine wana vyote viwili. Na wapo ambao ndewe nayo ina mwelekeo wake peke yake.

Dawa ya mkunjo si dawa ya bakuli. Daktari anayemfanyia kila mtu kitu kilekile ndiye anayezalisha masikio ya simu. Basi swali lako la kwanza kwake lisiwe bei wala saa ngapi unarudi nyumbani. Muulize: "Kwangu mimi tatizo ni mkunjo, ni bakuli, au vyote? Na ndewe utaifanya nini?" Akusogeze kwenye kioo, akushike sikio, akuonyeshe kwa kidole. Hao wenye kujua kazi hulibonyeza sikio taratibu pale mkunjo unapotakiwa kuwa, na wewe mwenyewe unaona umbo linavyobadilika. Asiyeweza kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida anachotaka kufanya, kisu atakitumiaje?

Historia kidogo, maana napenda kujua kitu kimetoka wapi. Upasuaji wa kulaza masikio yaliyosimama uliandikwa mwaka 1881 na daktari wa New York, Edward Ely, aliyemhudumia mvulana aliyekuwa akitaniwa na wenzake. Unaona, Dishi, huko peke yako. Kwa miongo mingi baada ya hapo madaktari walitegemea sana kukata gegedu, ule mfupa laini unaolipa sikio umbo lake, na gegedu likikatwa huacha kingo kali zinazoonekana kwenye ngozi ya mbele. Mwaka 1963 Jack Mustardé, daktari wa Uskoti, akaeleza namna ya kuunda mkunjo kwa nyuzi za kudumu zinazopitishwa kwa nyuma, gegedu likakunjwa badala ya kukatwa. Uzeeni mzee huyo alisaidia kuanzisha kituo cha upasuaji rekebishi Accra, Ghana. Mwaka 1968 David Furnas wa Marekani akaeleza nyuzi za kulivuta bakuli lirudi nyuma na kulishikiza kwenye utando wa mfupa ulio nyuma ya sikio. Njia hizi mbili bado zinatumika sana hadi leo, na mara nyingi pamoja.

Kuna moja inayokuhusu kwa umri wako. Gegedu la mtoto ni laini, linatii uzi. La mtu wa miaka 29 ni gumu na lina kumbukumbu ya umbo lake, linataka kurudi. Ndiyo maana kwa watu wazima daktari anaweza kulazimika kulikwaruza au kulipunguza unene kidogo ili likubali. Hilo si baya, ila akizidisha ndipo kingo kali zinapotokea. Muulize atalilainishaje lako, na kwa upande wa mbele wa sikio au wa nyuma.

Sasa chukua rula. Mwambie mwenzako wa kiti cha pili apime kutoka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio hadi ukingo wa nje. Vitabu vya upasuaji vinataja kwa sikio la kawaida milimita 10 hadi 12 sehemu ya juu, 16 hadi 18 katikati, na 20 hadi 22 chini. Usizichukue kama sheria, vichwa vinatofautiana. Lakini ona zinachosema: sikio zuri halijalala. Limesimama, kwa kiasi, na linaachana na kichwa zaidi kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo ile kliniki inayokuahidi masikio "kulala kabisa" inakutangazia kasoro kwa bei ya sifa. Ukifika kwa daktari mwambie maneno haya haya: nipunguzie, usinilaze.

Kuna faida moja unayo ambayo wengi hawana. Unashika vichwa vya watu kutwa. Kabla ya kwenda popote, tenga siku kadhaa, kila mteja akikaa kitini tazama masikio yake kwa mbele, kwa ubavu, na hasa kwa nyuma unapomalizia shingo. Utagundua kwanza kwamba hakuna mwanamume mwenye masikio mawili yaliyo sawa. La kulia limetoka kuliko la kushoto, moja liko juu kidogo, moja lina ndewe nene. Madaktari wenyewe wakipima kazi yao hukubali tofauti ya hadi milimita 3 kati ya pande mbili. Anayedai yalingane sawasawa atatoka hospitali na rula mfukoni na hatapata amani.

Pili, utaona kitu kwa nyuma ambacho mtu wa kawaida hajawahi kukiangalia. Sikio lisiloguswa, ukilitazama kutoka kisogoni, ukingo wake hushuka karibu mstari mmoja ulionyooka. La yule mteja wako ukilitazama hivyo lina tumbo limeingia ndani. Huko nyuma ndiko kazi mbaya inakojionyesha kwanza, na huko ndiko picha za matangazo hazikupeleki. Kwa hiyo daktari akikuonyesha picha za watu aliowafanyia, mwombe za mbele, za pande zote mbili na za nyuma. Mwombe za watu wenye ngozi kama yako. Mwombe zilizopigwa miezi kadhaa baadaye, si siku bandeji ilipotoka, maana siku hiyo kila sikio limevimba na limelala. Akiwa na picha za mbele tu, tena zote za Wazungu, bado hajakuonyesha kitu.

Na ule mfereji wa nyuma ya sikio lazima ubaki. Unautumia kuliko unavyojua: miwani inakaa hapo, kamba ya barakoa inapita hapo, na kile kitana unachokichomeka sikioni ukiwa na kazi mikononi. Ukizibwa kwa kuvuta sikio mno, ndiyo sura ile ya kubandikwa.

Kuhusu mahali. Dar es Salaam huna haja ya kupapasa gizani. Muhimbili ina madaktari bingwa wa masikio, pua na koo na wa upasuaji rekebishi, na Mloganzila nako huduma za upasuaji wa urembo zinatolewa. Anza huko hata kama ni kwa ushauri tu. Hospitali binafsi zipo pia, ila popote uendapo, jina la daktari liwe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na ubingwa wake uwe wa kazi hiyo. Mtu anaweza kuwa daktari halali kabisa na asiwe amefunzwa kushona masikio. Muulize bila aibu amefanya masikio mangapi, na yaliyoharibika aliyafanyaje. Asiye na hata moja lililomsumbua labda hajafanya mengi. Bima usiitegemee, kwa kawaida hailipi kinachoitwa urembo.

Wa nje ya nchi siwasemi vibaya, wapo mafundi. Ila fikiria hivi: keloidi haioti uwanja wa ndege. Inajitokeza miezi baadaye, wewe uko Kimara, aliyekushona yuko bara jingine, na daktari wa hapa hajui ni uzi gani uko ndani. Kwa mtu mwenye kovu kama lako ningetaka aliyenikata awe umbali wa nauli ya daladala.

Tuje kazini. Kwa mtu mzima mara nyingi hufanywa kwa ganzi, uko macho, unasikia sauti za vyombo na kuvutwa lakini si maumivu. Watoto ndio hulazwa kwa nusu kaputi. Kichwa hufungwa bandeji, kwa kawaida karibu wiki moja. Baada ya hapo utavaa mkanda wa kitambaa usiku kwa wiki nne hadi sita, ili ukijigeuza usingizini sikio lisikunjwe mbele na mto. Wiki za mwanzo utajiona yamelala mno. Usipige kelele mapema. Wengine huyalaza zaidi kidogo kwa makusudi kwa kuwa gegedu hulegea baadaye. Sura halisi ihukumu miezi mitatu hadi sita ikishapita. Nao watu waliokuzoea watahisi kuna kitu wasijue ni nini, watakuuliza kama umekonda. Hiyo ndiyo alama ya kazi nzuri.

Kitu kimoja kikumbuke hata usiku wa manane: maumivu makali ya upande mmoja, yanayozidi badala ya kupungua katika siku mbili za kwanza. Damu inaweza kuwa imejikusanya chini ya bandeji, nayo hulinyima gegedu chakula chake. Usimeze vidonge ukalala. Rudi hospitali wafungue watazame, hata kama umeambiwa bandeji isiguswe. Vivyo hivyo ukipata homa, usaha au harufu.

Saluni usirudi na bandeji. Najua kiti kikikaa wazi mteja anahamia kwa jirani, lakini nywele zilizonyolewa hurukaruka, na unywele mmoja ukiingia kwenye mshono ni mwanzo wa maambukizi. Kisha lile joto, umeme ukikatika na feni ikasimama, jasho likachuruzika chini ya bandeji. Kaa nyumbani mpaka nyuzi za nje zitolewe na kidonda kifunge, daktari ndiye atakayekuambia siku. Nawe ukianza kunyolewa tena, nyuma ya masikio mashine ipite mara ya mwisho kabisa, tena kwa mkono wa mwenzako unayemwamini.

Bodaboda iache kabisa kwa kipindi hicho. Kofia ngumu ukiivua hulivuta sikio kwa mbele, ndiyo njia ya haraka ya kukata uzi wa ndani, na kupanda bila kofia ngumu sitakushauri hata kwa utani. Panda mwendokasi kutoka Kimara ushuke Shekilango, lakini si ule wa saa moja asubuhi, kiwiko cha mtu hakijui umetoka theatre.

Kwa wazazi wanaosoma barua hii kwa ajili ya watoto wao: sikio la mtoto wa miaka mitano au sita limeshakaribia ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo umri huo daktari anaweza kuangalia. Mtoto mchanga wa wiki chache gegedu lake bado ni laini na madaktari wanaweza kulielekeza kwa kifaa bila kisu. Mkanda wa nyumbani na gundi, hapana. Kwa mkubwa, kujifunga usiku hakubadilishi chochote, na gundi huunguza ngozi.

Kuna la bure pia, Kinyozi, na nashangaa hujalitaja. Wewe ndiye fundi. Kunyoa pembeni hadi ngozi huku juu ukiacha nywele kunayatoa masikio mbele kuliko mtindo wowote. Acha pembeni zikae fupi za kulingana na juu, au nyoa kichwa chote, na ndevu zikiruhusu zishuke kutoka kwenye panja. Jaribu mwezi mmoja. Ikiwa baada ya hapo bado usiku hulali, na ni masikio tu yanayokunyima usingizi, upasuaji una maana. Ila ukianza kuona na pua nayo, na kidevu nacho, tatizo linaweza kuwa kukaa kwenye vioo vitatu kutwa nzima, na hilo linazungumzwa na mshauri wa saikolojia, si na mtu wa kisu.

Mchumba wako mwamini, anasema kweli: yeye haoni. Lakini kutoona kwake hakukuondolei haki ya kutaka, mwili ni wako. Mama usibishane naye juu ya Mungu, huwezi kushinda na hupaswi. Mweleze yale majina ya shuleni, maana inawezekana hajawahi kuyasikia. Kama unataka neno la dini, muulize imamu wako au mchungaji wako, nawe umweleze yote. Na umwambie mama kabla ya kuweka tarehe, usimwache akusikie kwa majirani umefungwa kichwa. Akiamua kuja kutoka Morogoro kukupikia uji wiki ile ya bandeji, usimkatalie.

Shangazi